Kiambishi -me- na Ufahamu wa Kiingereza

Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili, ajifunzapo Kiingereza, hufundishwa mapema kwamba kiambishi -me- hulingana na "has" au "have". Kanuni hii yafaa kwa vitenzi kama vunja na leta, lakini humpotosha katika vitenzi vya hali, kama vile lala, simama, keti na vaa. "Mtoto amelala" huarifu hali iliyopo: tendo la kushikwa na usingizi limekwisha, na usingizi wenyewe ungali waendelea. Kiingereza chake, basi, ni "The child is asleep." Mwanafunzi aandikapo "The child has slept," msomaji wa Kiingereza kwa kawaida huelewa kwamba usingizi umekwisha.

Zoezi la kujaza mapengo halifichui kosa hili, kwa kuwa umbo la kitenzi ni sahihi. Kilichopotoka ni maana. Kosa hudhihirika katika ufahamu. Asomapo "The child has slept well," mwanafunzi huyo aweza kudhani kwamba mtoto angali usingizini, na kila jibu litegemealo jambo hilo likakosewa, ingawa hakuna neno hata moja asilolijua. Nchini Kenya, ambako masomo mengi hutahiniwa kwa Kiingereza, hasara hiyo haikomei katika somo la lugha.

Yafaa sarufi na ufahamu vifundishwe pamoja. Baada ya sentensi ya namna hiyo mwalimu na aulize: je, hali hii ingali ipo, au imekwisha? Swali hili lajibika hata kwa Kiswahili, nalo humwonyesha mwanafunzi kwamba kosa lake latokana na kanuni timamu ya lugha aijuayo, wala si uzembe.