Soma Kwanza, Tuma Baadaye

Leo tuzungumze juu ya wizi wa simu.

Zamani, mtu wa Mbulu aliyetaka kumpelekea mwanawe fedha Arusha alimpa abiria wa basi. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na fedha zikapita katika simu. Wezi nao wakaifuata njia hiyo.

Mathalani, umeuza vitunguu saumu vyako. Mara ujumbe unaingia: “Ile hela tuma kwa namba hii.” Mwizi hakujui. Amewapelekea watu wengi maneno hayo hayo, akitumaini kwamba mmoja wao anadaiwa kweli. Silaha yake ni haraka yako.

Basi ufanyeje? Kwanza, soma namba ile, tarakimu moja moja. Pili, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Tatu, namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.

Ukiibiwa, usifiche kwa aibu. Ukinyamaza, kesho ataibiwa jirani yako.

Swali la kujadiliana: Kwa nini mtu mwenye akili hudanganywa?