Unamlipa Akwambie "Turudi"

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini baada ya kuyakosa redioni, leo nataka tuzungumzie kutembea. Si kutembea kwa kwenda kazini au sokoni, la hasha, bali kutembea ndani ya maji kwa starehe, maji yakiwa magotini na pengine kiunoni, huku ukiwa umemlipa mtu fedha taslimu ili akutangulie. Wapo watakaocheka. Lakini biashara hii ipo, na ina jambo moja ambalo wateja wake wengi hawalielewi mpaka siku wanapoona maji yamewazunguka.

Wenzetu wa nchi za nje wanayo siku nyingi. Katika jimbo la Utah, Marekani, nchi ya ukame na mawe mekundu, ipo Hifadhi ya Zion. Humo mna korongo ambalo kuta zake zimesimama kiasi cha mita 300, na chini yake unapita mto uitwao Virgin. Pembeni hakuna pa kukanyaga, hivyo njia ni mto wenyewe. Watu hutembea ndani yake kutwa nzima, fimbo mkononi. Hapa kwetu, waliofika Ziwa Natron wanalijua korongo la Engare Sero, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai. Nchi yote pale ni vumbi na miba, lakini ukiingia korongoni unakata maji mara upande huu, mara upande ule, vijana wa Kimaasai wakikuongoza hadi kwenye maporomoko.

Natron ni mbali kwa mtu wa Dar es Salaam. Bagamoyo ni kilometa 70 tu, na pale bahari yenyewe hufungua njia mara mbili kila siku.

Pwani ya Bagamoyo ni tambarare na maji yake ni mafupi. Hilo ndilo lililoufanya mji ule ukose bandari ya maana, na ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Wajerumani wahamishie makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Hata leo ukifika pale ufukweni utaona majahazi yamelala ubavu mchangani kama ng'ombe waliochoka, na wachukuzi wakiingia majini na mizigo kichwani. Lakini ubovu huo wa bandari ndiyo neema ya mtembea kwa miguu. Maji yakikupwa, unafunuka uwanja mkubwa wa mchanga na tope, wenye mafungu na mikondo, kuelekea kusini kwenye mikoko ya Kaole na Mbegani, na kaskazini kuelekea mdomo wa mto Ruvu. Ukitembea huko na mtu anayejua, unaona mambo ambayo mtu wa kwenye kiti cha hoteli hayaoni kamwe.

Sasa tuelezane jinsi maji hayo yanavyokwenda, kwa sababu wengi wetu wa mjini tumeyasahau aliyoyajua bibi yetu bila kwenda shule. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari ikichukua saa sita na dakika chache. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu yanamfuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, tofauti ya juu na chini ikizidi mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo huenda kidogo na kurudi kidogo. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ndiyo maana siku hizo utawaona akina mama na watoto wametawanyika mchangani tangu saa mbili, wakiokota kombe na kutafuta pweza, na ndizo siku ambazo mwongozaji wa watalii mwenye akili huziweka kwenye daftari lake.

Hadi hapo hakuna la kutisha. Tatizo ni kwamba maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni yao ya zamani: gawa safari ya maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, saa ya nne matatu, saa ya tano mawili, saa ya sita moja. Chukua bamvua la mita 3 na sentimita 60. Saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30, kiasi cha kulowesha mguu. Saa ya pili sentimita 60. Saa ya tatu sentimita 90, na ya nne sentimita 90 nyingine. Yaani ile saa ya kwanza bahari inakupumbaza. Unapiga picha, unaokota makome, unasema mbona haina haraka. Ikifika saa ya tatu, mtu mzima aliyesimama pale pale hana tena habari ya picha.

Na hata hilo si baya kama linalofuata. Mchanga wa pwani haukulala sawasawa kama meza. Una mafungu yaliyoinuka na mikondo iliyozama, na mara nyingi mkondo hupita kati ya fungu na nchi kavu. Maji yakianza kurudi hayapandi fungu kwanza, bali hupita mikondoni, yakazunguka nyuma yako, wakati wewe bado umesimama pakavu unatazama bahari iliyo mbali mbele.

Nililiona hilo siku nilipotembea na mzee mmoja mvuvi anayeongoza wageni upande wa kusini wa mji. Tulikuwa kwenye fungu, jua limepanda, mchanga mkavu pande zote, naye akasimama ghafla, akasema turudi.

"Mzee, mbona maji bado yako kule?" nikamwuliza.

"Mwanangu, yale unayoyatazama siyo yatakayokuzuia. Geuka."

Nikageuka. Mkondo ambao asubuhi tuliuvuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu ulikuwa umeanza kusogea, na majani ya mikoko yaliyokuwa yakielea juu yake yalikuwa yanakwenda nchi kavu, si baharini. Tulipouvuka maji yalifika magotini. Mzee hakukimbia, wala hakusema neno. Alitembea kwa kuburuza nyayo mchangani, kwa sababu taa hupenda kujifukia hapo, na ukimkanyaga kwa juu atakuchoma kwa mwiba wa mkiani, bali ukimgusa kwa ubavu atakimbia zake.

Uingereza wanayo ghuba yenye tabia kama hiyo, inaitwa Morecambe. Tangu karne ya 16 serikali ya huko imekuwa ikimteua mtu rasmi wa kuwavusha watu mchangani, kwa sababu njia ya salama ya mwezi huu si lazima iwe ya mwezi ujao. Tarehe 5 Februari 2004, usiku, waokota kombe wasiopungua 21, wahamiaji kutoka China, walizama katika ghuba hiyo baada ya maji kuwazunguka. Walikuwa kazini, si matembezini, lakini maji hayaulizi.

Turudi kwetu, na sasa tuelekee kaskazini. Ukipita mji wa Bagamoyo unakutana na mdomo wa Ruvu, na mbele zaidi, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mdomo wa Wami. Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya bara ambayo wanyama wa porini hufika hadi kwenye mchanga wa bahari. Humo matembezi ya miguu hufanywa na askari mwenye silaha. Nataka nisieleweke vibaya: mito hii miwili si ya kutembea ndani yake. Ina viboko na ina mamba, na mtu anayekwambia hapa pana usalama kwa sababu jana hakuwaona, mwache aende peke yake. Mito hii hutazamwa kutoka kwenye boti.

Lakini mito hii inatufundisha jambo la pili. Ruvu inatoka milima ya Uluguru, na Wami inakusanya maji yake huko huko mkoani Morogoro. Mvua ikinyesha milimani usiku, mtu wa Bagamoyo anaamka na jua, anga ni ya samawati, nguo zinakauka kwenye kamba, na mto unakuja umebadilika rangi kama chai ya maziwa. Maji yanayokuja leo ni ya mvua usiyoiona. Wavuvi wa mdomoni huyatambua kwa rangi, kwa vijiti na povu, na kwa jinsi mkondo unavyokataa kurudi nyuma hata bahari inapojaa.

Makorongo ya nchi kavu huua kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope, jimbo la Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali na pale walipokuwa. Nchi ile ni mwamba na ardhi ngumu isiyonywa maji, basi yote yakakimbilia kwenye ule ufa mwembamba. Aliyekuwa akiwaongoza aliokoka. Jirani zetu wa Kenya nao wana korongo la Ol Njorowa, katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwachukua vijana 7 waliokuwa matembezini humo, na tarehe 1 Septemba 2019 yakachukua watu 7 wengine. Ni korongo lile lile, ambalo siku za ukame mtoto anaweza kulipita akiimba.

Basi ndugu msikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tufike. Wengi tunadhani mwongozaji tunamlipa atuonyeshe njia. Njia ya mchangani mtu yeyote mwenye macho anaiona. Tunamlipa kwa ajili ya saa, yaani ajue maji yako wapi hata pale ambapo hayaonekani, na awe na ubavu wa kutukatiza starehe yetu. Hili la pili ndilo gumu. Kijana amekaa wiki mbili bila mgeni. Leo wamepatikana wanne, wamelipa, wanataka kufika kwenye fungu la mwisho kwa sababu waliliona kwenye picha. Mmoja wao amechelewa kuamka, safari imeanza saa tatu na nusu badala ya saa mbili. Kijana anajua kwamba wakifika nusu ya njia inabidi wageuke. Anajua pia kwamba mgeni akikasirika hatoi bakshishi, na pengine anadai fedha yake. Mnafikiri kijana huyu atasema turudi?

Huko Zion hawamwachii mtu mzigo huo. Mto ukifika kiasi cha kupitisha futi za ujazo 150 kwa sekunde, njia inafungwa, na hakuna wa kubishana na namba. Sisi tunalo jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, tunao utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na siku hizi simu ya mkononi inakuletea vyote. Sioni kwa nini waongozaji wa Bagamoyo wasikubaliane wenyewe saa ya kugeuka kwa kila siku ya mwezi na kuiandika ubaoni, mgeni aione kabla hajalipa. Hapo kijana hatakuwa anamkatalia mteja. Ubao ndio utakaokataa.

Kwako unayepanga kwenda Jumamosi moja na watoto, vaa viatu vya raba vinavyofungwa kamba, kwa sababu magamba ya chaza kwenye mizizi ya mikoko ni wembe, na ndala zitabaki topeni. Chukua maji ya kunywa na kofia. Kisha mwulize mwongozaji maswali mawili kabla ya kutoa fedha: leo maji yanakupwa saa ngapi, na sisi tunageuka saa ngapi. Akikujibu kwamba "tutaona huko huko", mshukuru, mtafute mwingine. Anayejua atakutajia saa, na pengine atakutajia na mwezi una siku ngapi. Ukiwa huko mchangani, waangalie pia wale akina mama wenye vikapu. Hawana saa mkononi, lakini wakianza kuondoka mmoja mmoja, nanyi muwe mmeshaanza.

Nilimwuliza yule mzee anafanyaje kuhusu fedha. Akasema huchukua nusu mkiwa bado mmesimama pakavu, na nusu ya pili mkirudi, na bei ni ile ile hata mkigeukia mkondo wa kwanza. Mgeni asiyekubali hilo, alisema, humwelekeza kwenye boti.