Mahali Pazuri na Jibu Lililoko Kalama

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuulizwa swali hili: kwa nini twasema "mahali pazuri" wala si "mahali mazuri"? Neno lenyewe laanza kwa ma-, lakini kivumishi chake chavaa pa-. Wengi wetu hujibu kwamba hiyo ndiyo ngeli ya mahali, basi. Mwanafunzi hukariri, mtihani ukapita.

Jibu kamili wanalo wakazi wa vilima vya Kalama, kusini mwa mji wa Machakos. Mama auzaye maembe sokoni Kola akizungumza na jirani yake hasemi mahali, husema vandũ. Mahali pazuri kwake ni vandũ vaseo.

Tulichambue neno hilo. Katika Kikamba mtu ni mũndũ, na kitu ni kĩndũ. Kwa hiyo -ndũ ya Kikamba ndiyo -tu ya Kiswahili. Tena, penye p katika Kiswahili, Kikamba mara nyingi hutamka v: kupanda ni kũvanda, kupita ni kũvĩta. Basi va- ni ndugu ya pa-, na vandũ ni jamaa wa mtu na kitu; shina ni moja, viambishi ndivyo mbalimbali. Waganda nao husema omuntu, ekintu, awantu. Wakikuyu husema mũndũ, kĩndũ, handũ. Shina hilohilo ndilo lililomo katika jina "Bantu", yaani watu, ambalo Wilhelm Bleek alilitumia katika sarufi yake ya 1862.

Kiswahili kilipokea neno mahali kutoka Kiarabu. Mgeni huyo alikaribishwa akapewa kiti, lakini sheria za nyumba zilibaki za wenyeji. Ndiyo maana twasema mahali pazuri, mahali pale, mahali pangu.

Haya si ya wataalamu peke yao. Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na mara nyingi akachapwa. Alifunzwa kwamba lugha ya mama yake ni kizuizi cha elimu. Kumbe alikuwa amebeba ufunguo wa sarufi aliyoshindwa kueleza mwalimu wake! Mmisionari Krapf alikwisha kuziweka Kiswahili na Kikamba bega kwa bega katika msamiati wake wa lugha sita, uliochapishwa 1850. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji.

Mwalimu mwenzangu, swali hilo likizuka tena darasani, usiharakishe kujibu. Kwanza muulize mtoto: nyumbani kwenu, mahali huitwaje?