Daftari la Waliokataliwa Mlangoni

Zamani hesabu za chama cha msingi zilikaa katika madaftari, nayo madaftari yalikaa katika sanduku la chuma. Mwizi aliyejaribu kulivunja aliacha alama za tindo, na asubuhi zilionekana. Siku hizi Tume ya Maendeleo ya Ushirika inavisimamia vyama kwa mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, na vyama vingi, hasa vya akiba na mikopo, vina kanzidata zao wenyewe, yaani ghala la kumbukumbu lililomo katika kompyuta iitwayo seva. Anayejaribu kulifungua ghala hilo haachi alama ya tindo. Anaacha mstari mmoja wa maandishi, ambao hauonekani mpaka mtu akausome.

Kila anayetaka kuingia huulizwa jina na neno la siri. Akikosea hukataliwa, na seva iliyopangwa vizuri huandika saa, jina lililotumika na anwani ya kompyuta iliyobisha hodi. Aliyeko mlangoni haelezwi kwa nini amekataliwa. Sababu huandikwa ndani. SQL Server, kwa mfano, huandika namba 18456 kwa kila aliyekataliwa, na kando yake namba ya pili: 5 ni kwamba jina halimo kabisa, 8 ni kwamba jina limo ila neno la siri silo. Tofauti hiyo ni kubwa. Jina lisilokuwamo huenda ni la mpita njia anayebahatisha. Jina halisi la mhasibu likijaribiwa mara arobaini usiku wa manane, hiyo ni habari nyingine. Katika PostgreSQL anwani ya aliyekataliwa huenda isiandikwe mpaka fundi aagize hivyo, na mstari usio na anwani haumfikishi mkaguzi mbali.

Hata hivyo, si kila mstari ni mwizi. Mfano ni chama chenye ofisi Mjimwema, mjini Njombe, na kituo cha kupokea mazao huko Makambako. Neno la siri likibadilishwa ofisini, nayo programu ya kituoni ikabaki na lile la zamani, programu hiyo itabisha hodi kila dakika: mara 1,440 kwa siku, bila hila yoyote. Hutambulikana kwa anwani yake ileile na kwa saa zake zinazopishana sawasawa. Kwa hiyo idadi peke yake haimtii mtu hatiani. La kutiliwa shaka zaidi ni anwani moja kujaribu majina mengi, au majina yote ya watumishi kujaribiwa mara moja moja tu, kwa uangalifu, ili kufuli lisijifunge.

Kufuli lenyewe lina upande wake wa pili. Oracle, isipopangwa vingine, humfungia mtumiaji baada ya makosa 10 yanayofuatana. Ni kinga nzuri; lakini mwenye nia mbaya aweza kumfungia mweka hazina kwa makusudi siku ya malipo ya wakulima. Budi awepo mtu wa pili mwenye idhini ya kufungua, na kila ufunguzi uandikwe.

Mwezi Mei 2002 programu haribifu iitwayo Spida ilienea duniani kwa kutafuta seva za SQL Server ambazo mtumiaji mkuu, «sa», hakuwekewa neno la siri. Haikuvunja mlango, ilikuta umeachwa wazi. Mgeni wa namna hiyo hamo katika orodha ya waliokataliwa, na SQL Server kwa kawaida huandika waliokataliwa tu. Ni lazima iagizwe kuandika na walioingia, kwani mstari mzito kuliko yote ni ule wa kukubaliwa unaofuata mistari mingi ya kukataliwa.

Kuna jambo ambalo makatibu wengi hawaambiwi. SQL Server huanza daftari jipya kila inapowashwa, na kwa kawaida hutunza sita tu ya zamani. Umeme ukikatika mara saba pasipo betri ya akiba, daftari la mwanzo limekwisha kufutika. Mkaguzi wa COASCO akifika mwishoni mwa mwaka hatakuta kitu. Hivyo nakala ipelekwe kila siku katika kompyuta nyingine, ambayo fundi wa seva hana uwezo wa kuifuta, kama vile mtunza ghala asivyoachiwa daftari la mkaguzi.

Nakala hizo zifungiwe pia. Mtu mwenye haraka huandika neno la siri mahali pa jina, nalo likabaki daftarini waziwazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde.

Kazi ya kila juma yaweza kufanywa na katibu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi, asiyekuwa na neno la siri la seva. Wahesabu mistari kwa jina na kwa anwani, wamwulize kila mwenye jina kama ni yeye aliyekosea, na majibu yake yaandikwe kwa kalamu ya wino kando ya tarehe.