Ufa wa Kiangazi Huzaliwa Masika

Kila masika, kati ya Machi na Mei, milango ya mbao kule Temeke na Kinondoni hugoma kufunga. Seremala hupiga randa, mambo yakatulia. Kiangazi kikija, mlango ule ule huacha mwanya wa kupita mjusi. Leo nataka tuitazame habari hiyo hiyo ndani ya piano, maana kwaya ikichanga miaka miwili kununua piano iliyotumika Ulaya, fedha hizo zaweza kupotea kwa unyevu tu.

Nyuma ya waya za piano upo ubao mpana, unene wake kama sentimeta moja. Ndio unaokuza sauti. Bila huo, waya zingelia kama mbu. Ni vipande vya sprusi, mti wa nchi za baridi wa ukoo mmoja na msonobari, vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu. Mgongoni umeshikwa na mbavu za mbao, na kingo zake zimebanwa.

Mbao hunywa maji ya hewani, zikatanuka upande wa upana, si urefu. Mlango una nafasi kidogo. Ubao wa piano hauna pa kwenda. Kwanza huinua mgongo, ukasukuma waya, sauti ikapanda. Unyevu ukizidi, vijumba vidogo vya mti hubanana vikapondeka, wala havirudi tena kama vilivyokuwa.

Wakati huo jicho halioni kitu, kwa kuwa maji yamejaza pengo. Hewa ikikauka, ubao husinyaa kupita upana wake wa awali, mbavu zikauzuia, nao ukapasuka. Sisi tunalaumu jua au kiyoyozi. Kumbe jeraha ni la masika. Ukavu umelifichua tu.

Ndiyo maana nasema gundi peke yake si dawa. Ukijaza ufa wakati wa kiangazi, masika yajayo ubao utabanwa zaidi. Tafuteni kwanza chumba chenye hewa isiyobadilika-badilika, mbali na dirisha na pumzi ya kiyoyozi. Na kabla ya kulipa, mulikeni tochi mgongoni mwa piano. Ufa mmoja usiwatishe. Piano yenye ufa huweza kuimba vizuri. Ogopeni ubavu ulioachana na ubao.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa.