Staa Wako Akituhumiwa, Unampiga Chini?

Tarehe 13 Juni ina mambo yake. Mwaka 2005, siku hiyo, jopo la raia 12 kule Santa Maria, California, lilimwachia huru Michael Jackson kwa mashtaka yote ya kumdhalilisha mtoto. Miaka mitatu baadaye, tarehe hiyohiyo, jopo jingine huko Chicago likamwachia R. Kelly kwa makosa yote 14 yaliyohusu mkanda wa ngono wa mtoto. Mashabiki walishangilia. Kesi imekwisha, wabaya wao wameaibika, turudi kwenye muziki.

Sasa cheki kilichofuata. R. Kelly leo yuko jela. Septemba 2021 mahakama ya Brooklyn ilimtia hatiani, na Juni 2022 akapigwa miaka 30. Agosti 2022 ikaja kesi nyingine nyumbani kwao Chicago, na safari hii binti wa kwenye ule mkanda, ambaye mwaka 2008 hakutoa ushahidi, alisimama mahakamani akiwa mtu mzima na kusema ndiye yeye, na kwamba alikuwa na miaka 14. Huko nako akakutwa na hatia katika baadhi ya makosa, akaongezewa hukumu ya miaka 20 ambayo sehemu kubwa yake inakwenda sambamba na ile ya kwanza.

Michael naye alifariki Juni 2009. Mwaka 2019 filamu ya Leaving Neverland ikatuonyesha wanaume wawili wakisema waliharibiwa naye wakiwa watoto. Mmoja wao, mwaka 2005, alikuwa amekula kiapo mahakamani kumtetea. Baadhi ya redio za Canada na New Zealand zikaacha kupiga nyimbo zake. Wasimamizi wa mali zake wanakanusha kila kitu, na mwenyewe hawezi tena kusema lolote.

Wanaume wawili, tarehe moja, hukumu moja. Mmoja tunajua ukweli wake ulivyoishia, mwingine tutabishana mpaka kuku wawike. Ndiyo maana huwa nasikia uvivu mtu akiniletea ile kanuni yake ya mstari mmoja. Ooh, mahakama imemwachia, basi tena. Ooh, wamesema wengi, basi tena. Jamani, mambo yangekuwa mepesi hivyo tusingekuwa tunagombana.

MIEZI SABA YA KUITWA MBAKAJI

Kuna jina ambalo pengine hujawahi kulisikia: Conor Oberst, mwanamuziki wa Omaha, Nebraska, yule wa kundi la Bright Eyes. Mwishoni mwa mwaka 2013 mwanamke mmoja aliandika mtandaoni kwamba jamaa alimbaka alipokuwa na miaka 16. Hakukuwa na kesi polisi wala shahidi. Kulikuwa na maandishi tu, na maandishi yalisambaa.

Februari 2014 Oberst alikwenda mahakamani New York kudai fidia ya dola milioni 1.2 kwa kuchafuliwa jina. Wapo waliomwona mkatili, anamburuza kortini mwanamke aliyeumizwa. Julai mwaka huohuo yule dada akatoa taarifa ya kiapo: alitunga yote. Alisema alikuwa akitafuta kuonwa katika kipindi kigumu, mwanae akiwa mgonjwa sana. Oberst akaiondoa kesi.

Hesabu mwenyewe. Kutoka mwisho wa 2013 mpaka Julai 2014 ni kama miezi saba, na huyu ni mtu mwenye jina, pesa na mawakili. Sasa mfikirie kijana wa Bongo Flava mwenye wimbo mmoja redioni na shoo mbili kwa mwezi, nyingine analipwa nauli. Audio ya dakika mbili inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisini saa nne asubuhi: sauti ya dada asiyejitaja, anasema fulani kamfanyia rafiki yake hivi na vile. Mpaka saa saba mchana promota ameshamtoa kwenye orodha ya shoo. Nani atamlipia wakili? Na ikija kugundulika ni uzushi, nani kati ya sisi tulioisambaza atarudi kwenye makundi yaleyale kuandika kwamba ile habari haikuwa kweli? Hapa Tanzania tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao inayogusa taarifa za uongo, lakini audio huwa imeshazunguka mikoa yote.

Usinielewe vibaya. Simleti Oberst hapa ili wanaume wapate fimbo ya kuwachapia wanawake kila wanaposema. Namleta kwa sababu watu wanapenda kuongea kana kwamba yaliyompata hayawezekani. Yanawezekana.

NANI HASA ALIMWANGUSHA R. KELLY?

Ukiwauliza wengi watakuambia ni mtandao. Mimi nasema mtandao ulifika ukumbini shughuli ikiwa imeshapikwa.

Desemba 2000 mwandishi wa muziki Jim DeRogatis, akiwa gazeti la Chicago Sun-Times, pamoja na mwenzake, walitoa habari ya kwanza kubwa kuhusu R. Kelly na mabinti wadogo. Waliisimamisha juu ya nyaraka za mahakama na watu waliozungumza nao. DeRogatis aliendelea na habari hiyo karibu miongo miwili. Kabla yake tayari kulikuwa na cheti cha ndoa cha mwaka 1994 kati ya R. Kelly na Aaliyah, kilichoandika bibi harusi ana miaka 18 wakati alikuwa na 15. Habari hazikufichwa. Zilikuwepo na watu tukaendelea kucheza.

Na sisi tulicheza kwelikweli. Mwaka 2010, miaka miwili tu baada ya ile hukumu ya Chicago, Ali Kiba alikwenda hukohuko kurekodi Hands Across the World na R. Kelly, pamoja na kina Amani wa Kenya, Navio wa Uganda, 2Face wa Nigeria na Fally Ipupa wa Congo. Wasanii wetu hawakuwa na kosa, mtu alikuwa ameachiwa na mahakama. Lakini sikumbuki katika maongezi yetu yote ya wakati ule mtu mmoja aliyeuliza wale mabinti walikuwa akina nani.

Kampeni ya #MuteRKelly ilianza 2017 Atlanta, ikaanzishwa na wanawake wawili weusi waliochoka kumsikia redioni. Mei 2018 Spotify nao wakamtoa kwenye orodha zao za kupendekeza nyimbo, wakalaumiwa kwamba wamejifanya hakimu, na mwanzoni mwa Juni wakaifuta sera yenyewe. Januari 2019 ikaja filamu ya Surviving R. Kelly, wanawake wakikaa mbele ya kamera kwa sura zao na majina yao. Mwezi uliofuata akashtakiwa upya. Kelele zilisaidia, sikatai. Ila kelele zile zilikuwa zimekalia karatasi, majina na miaka ya kazi ya watu. Ile audio ya saa nne asubuhi imekalia nini?

Pia kuna yale unayoyaona kwa macho yako. Julai 2016 Koffi Olomide alipofukuzwa Kenya, ilikuwa ni baada ya video kumwonyesha akimpiga teke mwanamke pale uwanja wa ndege wa Nairobi. Pale hakuna aliyehitaji kusubiri miaka ishirini. Kususia shoo kwa kitu ulichokiona ni haki yako kabisa, tena promota asinune.

NA KWETU JE?

Hatukuhitaji intaneti kugawanyika. Juni 2004 mahakama ya Kisutu iliwahukumu Nguza Viking, yaani Babu Seya, na wanae watatu, akiwemo Papii Kocha, kifungo cha maisha kwa kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanae wawili na kubakisha hukumu ya baba na Papii. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli akawasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kesi yao ilikiuka haki ya kusikilizwa ipasavyo. Haikusema hawakufanya. Msamaha nao haukusema hivyo.

Kumbuka vijiweni na kwenye daladala miaka ile. Wengi walishaamua kwamba wamesingiziwa, na sababu za kusingiziwa zilikuwa nyingi kama wasimuliaji. Siku walipotoka watu walishangilia. Inawezekana kabisa walionewa, sina ubavu wa kusema vinginevyo. Kinachonikwaza ni kwamba katika zogo lote lile hata wale watoto hawakutajwa. Leo ni watu wazima, huenda mmoja wao anasoma ukurasa huu.

MUZIKI UKIINGIA CHUMBANI

Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya rafiki yangu. Bajeti ilipita, keki ikapita, ukumbi ukapita. Tulipofika kwenye nyimbo mambo yakalala. Bwana harusi alitaka kuingilia ukumbini na wimbo wa R. Kelly, kwa sababu ndio uliokuwa ukipigwa siku waliyokutana. Bibi harusi akasema hapana. Yeye akajibu wimbo haujambaka mtu. Dada akasema na mimi sitaki kumwaza yule binti wa miaka 14 nikiwa nimevaa shela. Kimya. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa watu, akaomba tuhamie kwenye vinywaji.

Mimi nilikuwa upande wa dada, na bado nipo. Lakini jamaa naye hakuwa akimtetea R. Kelly. Alikuwa akitetea siku yake ya kwanza na mchumba wake, na ukimjibu mtu kama huyo kana kwamba ametetea ubakaji, umempoteza. Walimalizana wenyewe nyumbani, na waliingia na taarabu. Ukumbi mzima ulisimama!

Siyo wote wanaomaliza vizuri hivyo. Kuna mwenzangu kazini, nimebadilisha mambo madogo asijulikane. Mwaka 2019 alikuwa mchumba wa mtu, na jioni moja wakaangalia ile filamu ya wanawake wa R. Kelly pamoja. Yeye alikuwa amekaa na jambo lake tangu kidato cha tatu, mwalimu wa ziada aliyekuwa akija nyumbani kwao. Alikuwa amepanga kumwambia mchumba wake kabla ya ndoa, na akaona filamu ile imemfungulia mlango. Sehemu ya pili ilipoisha jamaa akajinyoosha kwenye kochi na kusema, hawa nao wanatafuta hela tu, miaka yote walikuwa wapi?

Akainuka kwenda jikoni kupasha chakula.

Nilimuuliza kama alishawahi kumwambia baadaye. Akasema bado. Mumewe ni mtu mwema, anamwogesha mtoto, hamnyanyulii sauti, na lile neno la kwenye kochi hana hakika hata kama analikumbuka.