Kimo cha Mtafiti na Kimo cha Msimuliaji: Namna ya Kuchagua Tripodi Nyepesi

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtafiti wa fasihi simulizi anavyoweza kuchagua tripodi, yaani kiegemeo cha kamera chenye miguu mitatu, iliyo nyepesi na inayolingana na kimo chake. Huenda jambo hili likaonekana kuwa la mafundi wa picha kuliko la wanaisimu. Lakini fasihi simulizi si sauti pekee. Msimuliaji anaposema "alikuwa mtoto wa kimo hiki", maneno yenyewe hayatoi kipimo chochote. Mkono ndio unaokamilisha maana. Katika kanda ya sauti, kionyeshi "hiki" hubaki bila kuonyesha kitu. Mazungumzo ya Kiswahili ambayo Johannes Fabian alifanya na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mjini Lubumbashi, katika miaka ya 1973 na 1974, yalipochapishwa mwaka 1996 yaliambatana na picha 101 za mchoraji huyo; bila picha hizo msomaji angepoteza sehemu kubwa ya maana. Basi mwenye kurekodi kwa kamera hana budi kuhakikisha kwamba kamera yake imetulia, maana mzee aliyekubali kusimulia leo huenda asisimulie tena.

1. Miguu mitatu na nguzo ya kati

Jifya moja haliinjiki chungu, wasema wahenga. Mafiga yakiwa matatu, chungu hutulia hata penye ardhi isiyo sawa, kwani ncha tatu hazikosi kugusa chini zote kwa pamoja. Ncha ya nne ndiyo iletayo kuyumba. Tripodi hufuata kanuni hiyo hiyo.

Hata hivyo, tripodi nyingi zina nguzo ya kati inayoweza kuinuliwa ili kuongeza urefu. Nguzo hiyo ikiinuliwa sana, kamera hukaa juu ya mguu mmoja mwembamba uliosimikwa juu ya mitatu: faida ya mafiga matatu hupungua, na upepo mdogo tu hutikisa picha. Kwa hiyo, urefu wa kuzingatiwa wakati wa kununua ni ule wa miguu iliyonyooshwa, nguzo ikiwa chini. Wauzaji mara nyingi hutangaza urefu wa mwisho, nguzo ikiwa juu kabisa.

2. Kimo cha mtafiti

Wengi hudhani kwamba tripodi inapaswa kuwa na urefu sawa na wa mtu. Sivyo. Macho yako chini ya utosi kwa sentimita 11 hivi. Tena, juu ya miguu ya tripodi kuna kichwa chake, chenye sentimita 10 hivi, na juu ya kichwa iko kamera, ambayo tundu lake la kutazamia huwa sentimita 8 au 9 juu ya kitako. Jumla ni sentimita 30 kwa makadirio. Mtafiti mwenye kimo cha sentimita 160 anahitaji miguu ya sentimita 130. Mwenye 180 anahitaji 150. Anayefanya kazi penye mteremko aongeze sentimita 10, kwa sababu mguu wa upande wa bondeni hurefushwa kuliko mingine.

Hesabu hii ina faida kwa walio wafupi: hawana sababu ya kununua na kubeba sentimita 20 ambazo hawatazitumia kamwe.

3. Kimo cha msimuliaji

Hesabu iliyotangulia inamfaa anayepiga picha akiwa amesimama. Lakini masimulizi mengi hutolewa watu wakiwa wameketi. Mzee aliyeketi juu ya kigoda cha sentimita 30 ana macho yaliyo sentimita 105 hivi kutoka ardhini. Aliyeketi mkekani, 75 hivi. Kamera iliyowekwa kwenye kimo cha mtafiti aliyesimama humtazama mzee kutoka juu: uso hufichwa na paji, na mikono huonekana imefupishwa. Zaidi ya hayo, kumsimamia mzee anapozungumza si adabu.

Kwa hiyo swali la pili la kuuliza dukani ni hili: tripodi hii yaweza kushuka hadi wapi? Inayofaa ni ile ambayo miguu yake hutanuka kwa pembe zaidi ya moja, na ambayo nguzo yake ya kati ni fupi au huondolewa, isije ikagonga ardhi. Mtafiti naye aketi, au atumie kamera yenye kioo cha kukunjuka, ili asiinamie kamera kwa saa nzima.

4. Uzito

Tripodi nyepesi za safari huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5. Za alumini ni nafuu, zikigongwa hubonyea. Za nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na hutuliza mitikisiko upesi, lakini bei yake ni kubwa na zikigongwa vibaya huweza kupasuka. Mguu wenye vipande vitano hukunjwa ukawa mfupi sana, ila kipande cha mwisho huwa chembamba mno. Vipande vitatu au vinne hufaa zaidi. Uwezo wa tripodi uwe angalau mara mbili ya uzito wa kamera pamoja na lenzi yake.

Wepesi una hasara yake: upepo. Dawa ni kutundika mfuko chini ya nguzo ya kati, ukigusa ardhi kidogo ili usibembee, na kurefusha kwanza vipande vinene vya juu.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuchagua tripodi ni kupima vimo viwili: kimo cha mtafiti, ambacho huamua urefu wa juu, na kimo cha msimuliaji aliyeketi, ambacho huamua urefu wa chini. Pale ambapo fedha hazitoshelezi yote mawili, mtafiti wa fasihi simulizi atangulize kile cha msimuliaji. Yeye mwenyewe anaweza kutafuta kigoda.